Herufi Zenye Madaraja: Namna ya Kutumia Maandishi Mazito ya Stensili

Tazama maandishi yaliyopigwa ubavuni mwa gunia la kahawa au kreti la mashine. O imekatika juu na chini. A ina pengo mguuni. B ni vipande vitatu vilivyosimama karibu karibu. Hata hivyo, mtu yeyote ajuaye kusoma huyasoma bila kusita. Mapengo hayo yana kazi. Fundi akikata O kwenye bati, kipande cha katikati hudondoka, na rangi ikipita hapo hutoka duara jeusi lisilo na tundu. Ili katikati ibaki mahali pake, fundi huacha vipande vyembamba vya bati vinavyoiunganisha na upande wa nje. Katika makala haya vipande hivyo nitaviita madaraja, na ile sehemu ya katikati nitaiita kisiwa.

Siku hizi umbo hilohilo limo kwenye kompyuta kama fonti, na limependwa sana. Mwenye gereji, mwenye jimu, mwenye karakana ya kuchomelea mageti, mkaangaji wa kahawa, kinyozi wa vijana: kila mmoja humwendea dizaina akitaka herufi nene, nzito, zenye sura ya kiwandani. Dizaina naye hufungua orodha ya fonti, huchukua ile nene kuliko zote, hubana maneno hadi yaenee, kazi ikaisha. Bango likipanda juu ya duka, abiria aliye ndani ya daladala huona ukuta wa rangi nyeusi wenye nyufa. Naandika kwa ajili ya wote wawili, anayeagiza na anayechora, nikiwa na jambo moja la kuwashawishi: katika herufi za stensili, kagua madaraja kwanza, unene baadaye. Madaraja yakikaa sawa, neno litasomeka kwa mbali, litakatika vizuri kwenye mashine na litadumu ukutani. Yakikaa vibaya, unene wowote hauliokoi.

Waliofundisha au kusoma enzi za mashine ya kurudufia wanalifahamu jambo hili kwa macho yao. Mwalimu alipiga mtihani kwa taipureta juu ya stensili, karatasi laini iliyopakwa nta. Kila herufi iliisukuma nta pembeni, wino ukapata pa kupita. Nyuzi za karatasi ndizo zilizoshikilia visiwa vya o na a, ndiyo maana maandishi yale hayakuhitaji madaraja. Lakini mwenye mkono mzito akiigonga o kwa nguvu, nyuzi zilikatika, kisiwa kikachomoka, na darasa zima likapokea mtihani uliojaa vidoa vyeusi. Kwenye bati au plastiki hakuna nyuzi za kukusaidia. Kila kisiwa kinakutegemea wewe.

Kabla ya kuchagua fonti, inafaa kujua zimetoka wapi, kwa sababu asili yake bado inaonekana usoni mwake. Mwaka 1937 zilitoka mbili nchini Marekani: Gerry Powell aliichora Stencil kwa ajili ya kampuni ya American Type Founders, na R. Hunter Middleton akachora yake kwa ajili ya Ludlow ya Chicago. Wote wawili walichukua herufi za makreti na vifurushi wakaziingiza kwenye uchapaji. Ya Powell ndiyo inayojulikana zaidi leo, kwa kuwa imekuwa ikija na programu za Microsoft Office, na pengine iko kwenye kompyuta yako sasa hivi. Ina herufi kubwa tu, ina vijiguu mwishoni mwa mistari, na mistari yake si ya unene mmoja. Lakini miaka kadhaa kabla yao, nchini Ujerumani, Josef Albers wa shule ya Bauhaus alikuwa ameshaunda herufi za stensili kwa maumbo matatu pekee: mraba, pembetatu na robo ya duara. Hazikuwa na vijiguu wala madoido, vipande vitupu tu vilivyopangwa.

Kwa hiyo mtu akisema anataka stensili yenye sura ya kiwandani, muulize anataka ipi kati ya koo hizo mbili. Stencil ya Powell inanukia kifurushi na kambi ya jeshi. Televisheni ya Marekani iliizoesha dunia mandhari hiyo kwa majina ya tamthilia kama M*A*S*H na The A-Team, yaliyoandikwa kwa herufi za namna hiyo. Anayetaka kiwanda hasa, yaani chuma, mashine, paipu, na namba zilizopigwa kwenye matangi, achukue zile zisizo na vijiguu, zenye mistari ya unene mmoja na madaraja yaliyonyooka. Mimi ningeiacha ile ya Powell kwenye kazi nyingi za hapa kwetu. Ni nzuri, lakini imetumika mno, na madaraja yake ni membamba kwa mtu anayekusudia kukata bati.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo madizaina wengi wanapojikwaa. Fonti nyingi hutangazwa kwa maneno ya Kiingereza, na neno la Kiingereza halikuonyeshi zitakavyofanya kazi kwetu. Lugha yetu imejaa herufi A, nayo A kubwa ina kisiwa. Herufi kubwa nyingine zenye visiwa ambazo tunazitumia ni B, D, O, P na R. Andika neno BARABARA kwa fonti unayoifikiria. Neno hilo lina herufi nane, na zote nane zina visiwa. B ina viwili kila moja, kwa hiyo jumla ni visiwa kumi ndani ya neno moja. Kama madaraja ya fonti hiyo ni mapana mno, BARABARA itasambaratika kuwa vijiti na nusu duara. Yakiwa membamba mno, ukirudi nyuma hatua chache yatafumba na hutajua tena kama ni stensili. Fonti ikiimudu BARABARA itamudu karibu kila kitu utakachokiandika.

Ichunguze A kwa makini zaidi kuliko herufi nyingine. Wachoraji wa fonti huifungua kwa njia mbili kuu. Wengine hukata pengo katikati ya ule mstari wa kulala, kisiwa kikaungana na nafasi ya chini kupitia daraja moja. Kwa herufi ndogo inatosha, lakini ukikata A ya nusu mita kwa namna hiyo, kisiwa kinakuwa ulimi mrefu ulioshikwa upande mmoja tu. Hutikisika, hujikunja, na rangi hupenya chini yake. Wengine hukata mguu mmoja au yote miwili juu ya mstari wa kulala, na hapo kisiwa hushikwa imara. Kwa kazi ya kukata hasa, kwenye bati, plaiwudi au plastiki, tafuta A yenye madaraja mawili. Kwa bango linalochapwa tu, A ya daraja moja ni safi zaidi kwa macho, na kwa kuwa itajirudia mara nyingi ndani ya sentensi ya Kiswahili, usafi huo utauona.

Jambo la pili ni upana. Maneno yetu ni marefu. HAIRUHUSIWI ina herufi kumi na moja, TUNAKUKARIBISHA ina kumi na tano. Fonti pana ya kijeshi kama Black Ops One, iliyochorwa na James Grieshaber, hupendeza sana kwenye neno la herufi nne, tano. Ukiandikia TUNAKUKARIBISHA, ama litatoka nje ya bango, ama itabidi ulipunguze mpaka lipoteze uzito uliokuwa unautafuta. Hapo dizaina hushawishika kuibana fonti kwa kuiminya kutoka pande mbili ndani ya programu. Msiruhusu. Mistari ya kusimama hukonda huku ya kulala ikibaki minene, na madaraja ya kusimama hubanwa kuliko yale ya kulala, herufi ikaonekana mgonjwa. Chukua fonti iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo. Big Shoulders Stencil ya Patric King, iliyochorwa kwa ajili ya jiji la Chicago, ni ndefu na nyembamba, ina unene wa viwango kadhaa, na inayabeba maneno yetu marefu vizuri kuliko nyingi ninazozijua. Saira Stencil One ya Omnibus-Type ni ya mraba kidogo, nzito, na inafaa kwa jina la karakana au la mashine. Ipo pia Stick No Bills ya studio ya Mooniak ya Sri Lanka, yenye herufi za Kilatini na za Kisinhala, na jina lake linatokana na lile katazo la ukutani ambalo sisi huliandika USIBANDIKE MATANGAZO. Zote nne zinapatikana bure kwa leseni huria inayokuruhusu kuzitumia kwenye biashara. Kinachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake kama bidhaa. Usichukue fonti ya wizi kutoka mitandaoni wakati hizi zipo.

Nafasi kati ya herufi nayo ina kanuni yake kwenye stensili. Macho ya msomaji yanapaswa kujua pengo lipi ni daraja na lipi ni mwisho wa herufi. Yakilingana, msomaji hupotea. Hakikisha nafasi kati ya herufi na herufi ni kubwa kuliko daraja. Mimi hupendelea iwe mara mbili. Kanuni hiyo ina uzito zaidi kwa herufi zilizosimama wima, I, H, U, N, M, ambazo zimejaa kwenye Kiswahili. Neno HII likibanwa linakuwa uzio wa nguzo nne.

Tuchukue mfano mmoja tuutengeneze hatua kwa hatua, na sidhani kama upo ulio bora kuliko NYUMBA HII HAIUZWI. Kila mkazi wa Dar es Salaam ameyaona maneno hayo ukutani, yakiandikwa kuwazuia matapeli wasiuze mali ya mtu. Mara nyingi huandikwa kwa brashi, haraka, na mkono uliojaa hasira. Ni tangazo linaloifaa stensili kabisa: ni fupi, ni la amri, na mwenye nyumba anaweza kulirudia kwenye kila upande wa ukuta likatoka vilevile. Lipange kwa mistari miwili, NYUMBA HII juu na HAIUZWI chini, mistari yote miwili ikiwa na upana sawa. Mstari wa juu una herufi tisa na nafasi moja, wa chini una saba, kwa hiyo wa chini utatoka mkubwa zaidi wenyewe, na ndio wenye ujumbe. Usilikate neno HAIUZWI likagawanyika kwenye mistari miwili hata kidogo, kwa kuwa ukanaji wote umebebwa na HA ya mwanzo na I ya mwisho. Visiwa ni vinne tu: viwili kwenye B, kimoja kwenye kila A. Weka madaraja mawili kwa kila A. W ndiyo herufi pana kuliko zote hapo, nayo haina kisiwa. Fonti nyingi huiwekea pengo hata hivyo ili ifanane na wenzake. Pengo hilo ni la sura tu, na kama stensili yako ni ya plastiki laini unaweza kuliziba kabla ya kukata ili W isipoteze umbo.

Ukubwa je? Watengenezaji wa mabango wana kipimo cha kawaida: herufi ya sentimita 2.5 husomeka vizuri kutoka mita 3. Kwa hesabu hiyo, msomaji aliye ng'ambo ya barabara, mita 30, anahitaji herufi ya sentimita 25. Lakini kipimo hicho ni cha herufi nzima. Kwa stensili ongeza theluthi, kwa sababu madaraja yanakula sehemu ya umbo, na ukuta wenyewe mara nyingi si laini. HAIUZWI ya sentimita 33 itasomwa hata na mtu aliye kwenye bodaboda.

Namba za simu ziondoe kabisa kwenye stensili nzito. Nalisema hili kwa msisitizo, maana hapo ndipo biashara inapopoteza wateja. Katika herufi, msomaji husaidiwa na neno zima: ukiona BAR-BARA unajua kilichokosekana. Katika namba hana msaada. 8 yenye madaraja hufanana na 3 au 6, 0 hubaki kama mabano mawili, 9 na 5 hukaribiana. Andika jina kwa stensili, kisha namba kwa fonti ya kawaida isiyo na vijiguu, ukiigawa kwa makundi ya tarakimu tatu tatu ili ikaririke. Anwani, barua pepe na orodha ya huduma vilevile. Stensili ni ya jina na amri, maneno mawili, matatu, manne. Aya nzima kwa herufi hizi ni adhabu kwa msomaji.

Usisahau pia ile alama ya juu ya ng'. Kwenye stensili ya kukata ni tundu dogo lililo peke yake, fundi huliona kama uchafu wa mchoro akaliacha. Bucha ikaandikwa NYAMA YA NGOMBE. Mwonyeshe kwa kidole kabla hajakata, na uikuze kidogo kuliko fonti ilivyoichora, kwa sababu ndicho kitundu cha kwanza kuzibwa na rangi.

Je, herufi hizi zinamfaa nani? Zinamfaa mtu ambaye kazi yake ina uzito, mashine, mzigo au jasho: gereji, jimu, duka la vifaa vya ujenzi, kampuni ya usafirishaji, kiwanda kidogo cha sabuni, mkaangaji wa kahawa, timu ya ndondi. Zinafaa kwenye vifaa vyenyewe, kwa mfano toroli, kofia za ujenzi, matangi ya maji, vitanda vya shule, ambako alama lazima irudiwe mara mia na isomeke daima. Sizipendekezi kwa kliniki ya mama na mtoto, kwa chekechea, wala kwa kadi ya harusi. Herufi iliyokatwakatwa ina ukali fulani, na mgonjwa anayetafuta mlango wa daktari hastahili kupokelewa kwa ukali.

Na kuna mambo mawili ya mazingira yetu ambayo dizaina anayejifunza kwa mifano ya nje hatayajua. La kwanza ni jeshi. Vijana wengi wakiona stensili huiambatanisha mara moja na kitambaa cha mabakamabaka. Nchini Tanzania hilo ni kosa la kuepuka. Mwaka 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi yanayofanana na sare za jeshi kuyasalimisha. Herufi hazina kosa lolote, lakini tisheti ya mabakamabaka yenye stensili kifuani itamletea mteja wako matatizo barabarani. Tafuta rangi zako kiwandani: kijivu cha saruji, buluu ya ovaroli, njano ya mashine za kuchimba barabara. La pili ni alama ya X. Kwenye kuta zetu X nyekundu huashiria kwamba nyumba itabomolewa, mara nyingi kwa kuwa imeingia kwenye hifadhi ya barabara. Kama jina la biashara yako lina X, usiipake nyekundu ukutani kwa stensili. Kila anayekuja atakuuliza mnahamia wapi.

Tukija kwenye utengenezaji, swali la kwanza ni hili: je, daraja litafanya kazi kweli, au ni sura tu? Kwenye uchapaji wa tisheti kwa skrini, wavu wa kitambaa ndio unaoshikilia visiwa, kwa hiyo hata O isiyo na daraja itatoka sawa. Ukichagua stensili hapo umechagua sura, na una uhuru. Angalia jambo moja tu: wino hutanuka kidogo ukigusa pamba. Daraja la milimita moja kwenye tisheti litafumba. Liwe milimita mbili au tatu.

Kwenye geti la chuma hali ni tofauti kabisa. Maneno yakikatwa ndani ya shiti yenyewe ili mwanga upite, madaraja ndiyo yanayoshikilia visiwa miaka yote, kwenye jua, mvua na watoto wanaoning'inia. Moto wa plazima nao hupinda vipande vyembamba. Mwachie fundi aamue upana wa daraja kulingana na unene wa shiti, na akikuambia liongezwe, kubali. Hapa fonti ya kompyuta ni pendekezo, fundi ndiye mwenye neno la mwisho.

Kuna kazi moja ambayo stensili huonekana rahisi kumbe ni mtego: herufi za kusimama, zile zinazokatwa moja moja kwa akriliki au plaiwudi na kubandikwa ukutani. Fonti ya kawaida hukupa kipande kimoja kwa herufi moja. Stensili hukupa viwili, vitatu. BARABARA itakuwa mfuko wa vipande vidogo ambavyo fundi atavipanga ukutani akikisia umbali, na kimoja kikianguka baada ya masika, neno limeharibika. Ukiitaka sura hiyo, agiza vipande vibandikwe kwanza juu ya ubao mmoja, halafu ubao ndio upandishwe. Stika za kioo nazo zina tabia hiyohiyo: kipande kidogo ndicho cha kwanza kubanduka kwenye jua.

Kwa stensili ya kupaka rangi kwa mkono, huhitaji vifaa vya gharama. Filamu za zamani za eksirei ni nzuri ajabu: ngumu, hazinywi rangi, hukatika kwa wembe na hupangusika kwa thina. Kwa herufi ya sentimita 10, madaraja ya milimita 6 au 7 yatakaa imara. Kata visiwa na matundu madogo kwanza wakati filamu bado ina nguvu, mistari mikubwa ya nje mwisho. Kama unapeleka kwenye mashine ya leza, geuza maandishi yawe mchoro kabla ya kuhifadhi faili, kwa sababu kompyuta ya kule ikiwa haina fonti yako itaweka nyingine bila kukuuliza, na nyingine hiyo haitakuwa na madaraja.

Ukuta usuguliwe kwa brashi ya waya na ufutwe vumbi, la sivyo rangi itakamata chokaa badala ya ukuta. Chuma kipakwe praima, hasa kwa walio pwani ambako chumvi haimsubiri mtu. Halafu rangi iwe kidogo. Kosa la kawaida ni kuchovya brashi ikalowa chapachapa na kuiburuta, rangi ikaingia chini ya madaraja na kingo zikavimba. Tumia sponji au brashi ngumu iliyokatwa bapa, ichovye, iguse kwenye kadibodi mpaka iwe karibu kukauka, kisha paka kwa kugongagonga, usiburute. Kwa rangi ya kopo la kupuliza, simama umbali wa sentimita 25 hivi na pitisha tabaka nyepesi tatu ukisubiri kila moja ikauke. Tabaka moja nzito hutiririka. Ondoa stensili kwa kuiinua juu moja kwa moja.

Kwenye gunia la jute, nyuzi nene hula maelezo madogo, kwa hiyo herufi chini ya sentimita 4 usiziamini. Anayepeleka kahawa nje ana mengi ya kuandika kwenye gunia moja la kilo 60, pamoja na namba ya utambulisho ya Shirika la Kimataifa la Kahawa yenye sehemu tatu, ya nchi, ya msafirishaji na ya shehena. Namba hizo zipigwe kwa stensili yenye madaraja mapana na tarakimu zilizo wazi kuliko zote, hata kama jina la kampuni limeandikwa kwa fonti yenye mbwembwe. Makreti na paleti za mbao zinazovuka mipaka huwekwa alama ya kiwango cha ISPM 15, yenye suke la ngano, herufi mbili za nchi na namba ya kampuni iliyotibu mbao. Alama hiyo huwekwa na walioidhinishwa tu, kwa hiyo usiinakili kama pambo la mgahawa wako, hata kama inapendeza. Kiwango hicho pia kinashauri rangi nyekundu na ya machungwa ziepukwe kwenye alama hiyo, kwa sababu hutumika kutambulisha mizigo ya hatari. Anayeandika jina lake kwenye kreti naye afuate ushauri huo.

Nina ombi moja kuhusu fonti zilizochakazwa kwa makusudi, zenye mikwaruzo na madoa ya bandia ili zionekane za zamani. Ziacheni. Mkwaruzo wa kompyuta hujirudia: kila A ina doa mahali palepale, na jicho hulinasa haraka. Kama unataka umri, chonga stensili halisi ya jina lako, ipige kwa mkono kwenye kadibodi au gunia, ipige picha, na utumie hiyo. Kila herufi itatoka tofauti kidogo na mwenzake, na itakuwa ya kwako peke yako.

Ukishamaliza kazi, safisha stensili kabla rangi haijakauka, pande zote mbili, ukianza na madaraja, maana ndiko rangi hujikusanya na kuyanenepesha mpaka herufi ianze kubadilika. Ihifadhi ikiwa imelala, si kusimama, kati ya vipande viwili vya kadibodi. Kwa kalamu isiyofutika andika pembeni jina la fonti, ukubwa wa herufi na rangi uliyotumia, ili atakayekuja kupaka upya ukuta huo baada ya miaka mitatu apate maandishi yaleyale.